Tabaka za kuzaliwa nchini Uhindi

Tabaka la kuzaliwa (jati) ni kundi ambalo Mhindi huzaliwa ndani yake, na ambalo kwa karne nyingi liliamua kazi yake, mchumba wake na hata kisima cha kuteka maji. Jati ni maelfu. Maandiko ya Kihindu hutaja ngazi nne: Brahmini, Kshatriya, Vaishya na Shudra. Wadalit, walioitwa "wasioguswa", waliwekwa nje ya ngazi zote.

Wakati wa ukoloni

Sensa ya 1901, chini ya utawala wa Waingereza, ilijaribu kuzipanga tabaka kwa hadhi. Ile ya 1931 ilizihesabu zote.

Ambedkar na Katiba

Bhimrao Ramji Ambedkar (1891–1956), Mdalit aliyesoma New York na London, mwaka 1927 aliwaongoza wenzake kunywa maji ya bwawa la umma mjini Mahad, tendo la ujasiri mkubwa. Mwaka 1932 alitaka Wadalit wachague wawakilishi wao peke yao. Gandhi, kiongozi wa harakati za uhuru, akiwa gerezani, aligoma kula kupinga jambo hilo, na makubaliano yaliyofuata, Mapatano ya Poona, yakawapa Wadalit viti vilivyotengwa ambavyo huamuliwa kwa kura za watu wote. Ndiyo maana hadi leo mbunge wa viti hivyo hutegemea kura za tabaka nyingine. Ambedkar aliongoza kamati iliyoandika Katiba ya 1950. Kifungu cha 17 kilifuta kutoguswa. Mwaka 1956, mjini Nagpur, aliingia Ubuddha pamoja na umati mkubwa wa wafuasi.

Tabaka kwenye sanduku la kura

Mwaka 1990 serikali ya Waziri Mkuu V. P. Singh ilitangaza kutenga asilimia 27 ya ajira za serikali kuu kwa tabaka zilizoachwa nyuma, kama ilivyopendekeza Tume ya Mandal, juu ya asilimia 15 ya Wadalit na 7.5 ya makabila ya asili. Vijana wa tabaka za juu waliandamana, baadhi wakajichoma moto. Mwaka 1992 Mahakama ya Juu iliridhia, ikaweka kikomo cha asilimia 50 kwa nafasi zote zinazotengwa. Tangu hapo wingi wa watu wa tabaka ukawa nguvu ya kisiasa. Lalu Prasad Yadav alitawala jimbo la Bihar kwa kura za tabaka za wakulima na wafugaji. Mayawati, mwanamke Mdalit, alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Uttar Pradesh mara nne. Ushindi wake wa 2007 ulipatikana kwa kuwavuta pia Wabrahmini.

Hali ya sasa

Ndoa nyingi bado hufungwa ndani ya jati. Kusafisha vyoo na mitaro kwa mikono, kazi ya kudhalilisha iliyopigwa marufuku, bado huwaangukia Wadalit. Mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba sensa ijayo itahesabu tabaka. Hata nje ya Uhindi jati huonekana: katika Afrika Mashariki, jumuiya za watu wenye asili ya Uhindi kama Walohana na Wapatel zina kumbi zao.