Nyumba ya Tropiki ya Jean Prouvé mjini Brazzaville: Ilisanifiwa kwa Ajili ya Nani?

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango. Methali hiyo yatukataza kuihukumu nyumba kabla hatujaingia ndani. Katika makala haya twakusudia kuchunguza nyumba moja ambayo ilisimama Brazzaville, ng'ambo ya pili ya mto, kwa karibu nusu karne. Wengi wameihukumu, na hukumu zao hazipatani. Tutaeleza kwanza asili yake, kisha maoni yanayoizunguka, na mwishowe tutatoa rai yetu.

1. Asili na muundo

Jean Prouvé (1901-1984) alikuwa mfua vyuma wa mji wa Nancy, Ufaransa, aliyeingia katika usanifu wa majengo kwa njia ya karakana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, makoloni ya Ufaransa yalihitaji nyumba nyingi, na viwanda vya alumini vilitafuta soko. Prouvé akabuni nyumba ambayo vipande vyake vingetengenezwa katika kiwanda chake cha Maxéville, visafirishwe kwa ndege, na kuunganishwa huku Afrika na mafundi wachache. Zilitengenezwa tatu tu: moja ilipelekwa Niamey mwaka 1949, na mbili zilisimamishwa Brazzaville mwaka 1951. Hizo mbili ziliunganishwa kwa daraja dogo. Moja ilikuwa ofisi ya habari za alumini na nyingine makazi ya mkurugenzi wake.

Muundo wake ulikuwa na hekima. Mhimili ulikuwa wa bati la chuma lililokunjwa. Kuta zilikuwa za alumini, zenye matundu ya mviringo yaliyotiwa vioo vya buluu ili kupunguza ukali wa mwanga. Baraza iliizunguka nyumba, nayo ilikingwa jua kwa vibao vya alumini vinavyogeuzwa. Paa lilikuwa la tabaka mbili, ili hewa ya moto ipande na kutokea juu.

2. Maoni yanayopingana

Wapo wanaoisifu nyumba hii kuwa kilele cha usanifu wa kimamboleo: hakuna pambo lisilo na kazi, na kila kipande kimefikiriwa pamoja na jua, mvua na upepo. Lakini wale iliyokusudiwa kuuziwa, yaani watawala wa kikoloni, hawakuipenda. Waliona haipungui bei kuliko nyumba zilizojengwa papo hapo, na sura yake ya kiwandani haikuwavutia. Kwa hiyo utengenezaji haukuendelea.

Baadaye hukumu iligeuka. Kuzunguka mwaka 2000, mfanyabiashara mmoja Mfaransa alizinunua nyumba hizo, zikiwa na kutu na matundu ya risasi za vita, akazifungua vipande na kuzirudisha Ufaransa. Moja ya zile za Brazzaville iliuzwa kwa mnada mjini New York mwaka 2007 kwa karibu dola milioni 5. Nyingine ilisimamishwa mwaka huohuo kwenye Centre Pompidou, Paris. Mwaka huo pia msanii Ângela Ferreira, mzaliwa wa Maputo, alionyesha mjini Venice kazi inayohoji uhamisho huo. Na mwaka 2008 Manthia Diawara, msomi kutoka Mali, akatoa filamu juu ya jambo hilohilo.

3. Rai yetu

Watetezi wa uhamisho husema kwamba nyumba zisingeondolewa zingeangamia. Hoja hiyo ina uzito, wala hatuwezi kuipuuza. Hata hivyo, tukitazama kwa makini, twaona kuwa yaliyotokea mwaka 2000 yalikuwa tayari ndani ya mchoro wa mwaka 1949. Nyumba iliyobuniwa ili iletwe upesi ndiyo pia nyumba inayochukuliwa upesi. Wepesi uliosifiwa kuwa fadhila yake ndio uliowaacha watu wa Brazzaville na uwanja mtupu.

Na hilo jina, «tropiki», ni la mtu atazamaye kutoka mbali. Niamey ni mji wa ukame wa Saheli. Brazzaville ni mji wa unyevu na mvua nyingi. Kuipa miji hiyo miwili nyumba moja kulidhihirisha kwamba Afrika ilifikiriwa kuwa hali ya hewa, si watu wenye desturi zao za kuishi. Waliosema nyumba ni ghali na waliosema haina kifani walitofautiana katika mengi, ila walifanana katika moja: hawakumwuliza mwenyeji.

Hatusemi haya ili kumshutumu Prouvé, ambaye ufundi wake wastahili heshima. Twasema ili wanafunzi wetu wajifunze kuyasoma majengo jinsi wanavyosoma maandiko. Miji yetu, Lubumbashi ikiwamo, ingali na majengo ya miaka ile ya 1950. Tuyachunguze, tuyaandike, tuwahoji wanaoyakaa, kabla wengine hawajatueleza thamani yake.