Sumaku, shilingi na umbo la nikeli

Wasomaji, leo tuziache programu kidogo twende kwenye kemia. Ukipita Luthuli Avenue, omba fundi akuuzie sumaku ya spika mbovu. Kisha tafuta shilingi ya Kenya ya 1966 na nyingine ya 2005. Ya 1966 ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, na sumaku haiivuti. Ya 2005 ni chuma kilichopakwa nikeli, nayo inang'ang'ania papo hapo. Kwa macho zote ni nyeupe. Sumaku ndiyo inayosema ndani kuna nini.

Wanakemia walitumia ujanja huo huo kujua umbo la molekuli wasizoweza kuziona. Pale Chiromo sisi wa kompyuta tulikuwa majirani wa Idara ya Kemia, lakini hadithi hii hatukuwahi kusimuliwa.

Inaanza na Hugo Schiff, Mjerumani aliyekuwa Pisa, Italia. Mwaka 1864 alieleza kwamba aldihaidi ikikutana na amini, maji hutoka na kaboni na naitrojeni hushikana kwa kiungo maradufu. Kampaundi hizo ndizo besi za Schiff. Naitrojeni ile ina jozi ya elektroni ya ziada, kwa hiyo hupenda kushika metali. Kinachoshika metali hivyo huitwa ligandi.

Mwaka 1933 Paul Pfeiffer na wenzake kule Bonn walieleza kampaundi za metali za ligandi yenye mikono minne, naitrojeni mbili na oksijeni mbili, ambayo leo huitwa salen. Je, ikishika nikeli, mikono hiyo imekaaje?

Linus Pauling wa Marekani alikuwa ametoa kanuni mwaka 1931. Nikeli ya aina hii ina elektroni nane kwenye tabaka la d. Mikono ikilala bapa kama pembe za mraba, elektroni zote hupata wenza na sumaku haiivuti. Ikisimama kama pembe nne za zile pakiti za maziwa ya Nyayo (waulize wazazi), elektroni mbili hukosa wenza, na sumaku huivuta. Nikeli ya salen haivutwi. Iko bapa.

Utamu zaidi ulikuja miaka ya 1960, kwa Richard Holm wa Marekani na Luigi Sacconi wa Florence, mji ule ule alikofia Schiff mwaka 1915. Safari hii nikeli ilishikwa na ligandi mbili zenye mikono miwili miwili, na kilichobadilishwa ni kile kikundi tu kinachoning'inia kwenye naitrojeni. Kikiwa kidogo, kama methili, molekuli huweza kulala bapa. Kikiwa kinene, kama isopropili, ligandi husukumana, na ndani ya fuwele molekuli hujikunja kuwa pakiti ya maziwa. Sumaku sasa inavuta! Ni kama kubadilisha herufi moja kwenye programu.

Lakini baadhi zikiyeyushwa zilitoa kipimo cha katikati, si sifuri wala si cha elektroni mbili kamili. Mwanaprogramu angelaumu kifaa. Kumbe molekuli hazitulii: nyingine bapa, nyingine zimejikunja, zikigeuka huku na huku haraka mno, na sumaku husoma wastani wa umati wote. Ukiongeza joto, zilizojikunja huongezeka na kipimo hupanda. Kwa kupima katika viwango tofauti vya joto, waliweza kukokotoa ni sehemu gani iko bapa na ipi imejikunja, bila kuona molekuli hata moja.