Pakia

Kitenzi pakia, cha mizigo na vyombo vya safari, katika kompyuta humaanisha kuingiza programu kwenye kumbukumbu. Katika Linux, moduli (kipande cha programu) ya kadi ya michoro hupakiwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Faili lenyewe la moduli hubaki diskini. Amri ya insmod hupakia moduli moja tu, ilhali modprobe hupakia pia moduli zinazotegemewa, na ndiyo ya kuaminika. Kazi hiyo huhitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Kwa kadi za NVIDIA, programu ndogo ya nvidia-modprobe hupewa mamlaka hayo ili programu za mtumiaji wa kawaida zisikwame. Kinyume cha pakia ni pakua, lakini pakua imeshazoeleka kwa mafaili ya intaneti. Kwa moduli, ondoa hufaa zaidi.