Nafasi ya diski katika seva ya proksi yenye kache

Squid ni programu huria ya proksi iliyoanza mwaka 1996, chimbuko lake likiwa mradi wa Harvest wa Marekani. Huhifadhi nakala za mafaili yaliyokwisha kuombwa, ili atakayeyataka tena apewe papo hapo.

Diski hukadiriwa kwa wingi wa data inayopita. Laini ya megabiti 10 kwa sekunde ikijaa kwa saa 8 hupitisha takriban gigabaiti 36, ingawa si zote zinazohifadhika. Wengi huitazama diski wakaisahau RAM, na hapo ndipo mambo huharibika. Faharasa ya vyote vilivyohifadhiwa hukaa kwenye RAM: katika mfumo wa biti 64, kama megabaiti 14 kwa kila gigabaiti ya diski. Kache ya gigabaiti 100 basi hudai gigabaiti 1.4 kwa faharasa pekee. RAM ikipungua, seva hukwama.

Mstari wa usanidi `cache_dir ufs /var/spool/squid 100 16 256` hutenga megabaiti 100, folda 16, na nyingine 256 ndani ya kila moja. Kwa shule au ofisi, megabaiti 100 ni kidogo mno. Hata hivyo, partisheni isitengwe yote. Asilimia 20 hivi ibaki wazi kwa ajili ya faili la `swap.state` na mafaili ya muda.

Trafiki ya HTTPS, ambayo leo ndiyo nyingi, hupita ikiwa imesimbwa na kwa kawaida haihifadhiwi. Faida kubwa iliyobaki ni masasisho ya programu yanayopita kwa HTTP, mradi kikomo cha ukubwa wa faili linalohifadhiwa, `maximum_object_size`, ambacho kwa kawaida ni megabaiti 4, kiongezwe.