Binti za Mchoraji Wakimfukuza Kipepeo

Picha ya rangi za mafuta ya Mwingereza Thomas Gainsborough, aliyoichora yapata 1756 akiishi Ipswich, asiimalize. Binti zake, Mary na mdogo wake Margaret, wanakimbia wameshikana mikono. Margaret ananyoosha mkono kumdaka kipepeo mweupe aliyetua kwenye mmea wa miiba. Kidogo tu atachomwa. Mary anasita. Nyuso zimechorwa kwa mapenzi ya mzazi, nguo zikaachwa katika mipigo ya brashi ya harakaharaka, na humo ndimo uhai wa picha ulimo. Gainsborough alikwisha kumzika binti mwingine, mchanga. Ukubwani Mary aliugua akili, Margaret akamtunza. Picha imo National Gallery, London, tangu 1900, kwa wosia wa Henry Vaughan.