Mgonjwa wa Figo, Anayetoa Figo na Anayechangia: Hukumu kwa Familia za Visiwani Zinazotibiwa Dar es Salaam

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Maswali kuhusu maradhi ya figo yamekuwa mengi, na sehemu kubwa yanatoka kwa familia za Unguja na Pemba ambazo mgonjwa wao yuko Dar es Salaam. Huyu ameshuka bandarini na begi moja akidhani atakaa wiki. Miezi inapita, sasa amepanga chumba Kariakoo, kwa sababu Muhimbili haiko mbali, na kwa sababu Kariakoo hakosekani jamaa wa Kipemba mwenye duka atakayemtupia jicho. Mara tatu kwa wiki anapanda bajaji kwenda kusafishwa damu, saa nne kila mara. Ukihesabu kwa mwaka ni zaidi ya mara 150. Nyumbani wanauliza: sala yake vipi, Ramadhani vipi, mdogo wake akimpa figo ni halali, na fedha tuzitafute kwa njia gani isiyotutia aibu wala dhambi?

Figo zikifeli kabisa hazirudi. Sababu kubwa ni presha na sukari zilizoachwa miaka bila kutibiwa. Na wapo waliojimaliza kwa kumeza dawa za maumivu kila siku kama karanga. Mashine inafanya sehemu tu ya kazi ya figo, kwa hiyo kati ya siku na siku maji na chumvi hujilimbikiza mwilini. Hapa niseme jambo ambalo wageni wanaokwenda kutazama wagonjwa hawalijui: madafu, ndizi, machungwa na tende vina madini ya potasiamu kwa wingi, na yakizidi katika damu ya mtu asiye na figo moyo unaweza kusimama. Ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu. Hata maji ya Zamzam kwake yana kipimo. Mpelekee dua na nauli, na chakula muulize kwanza anayempikia.

Twahara na sala

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, damu inayotoka mahali pasipokuwa njia mbili haitengui udhu. Kwa hiyo kusafishwa damu kwenyewe hakutengui, ingawa kwa Mahanafi kunatengua, na mwenye kujitia udhu upya kwa ihtiyati amefanya jema. Damu iliyomwagika mwilini au nguoni ioshwe; kidogo ambacho ni tabu kukiepuka kinasamehewa. Mwenye mshipa uliounganishwa mkononi anaosha mkono wake kama kawaida kidonda kikishapona. Mwenye mpira shingoni hana tatizo la udhu, kwa sababu shingo si katika viungo vya faradhi ya udhu. Tatizo lake ni josho la janaba: aoshe mwili uliobaki, apake maji juu ya bandeji bila kuilowesha, na atayamamu. Maji yakiingia pale yanaleta maambukizo ya damu, na hiyo ni hatari ya kweli, si wasiwasi.

Kusali akiwa ameungwa kwenye mashine kuna uzito kwetu sisi Mashafi, kwa kuwa damu iliyotoka ni najisi na yeye ameungana nayo, mbali na kuwa hawezi kusimama wala pengine kuelekea kibla. Njia nyepesi ni kupanga saa. Akiwekwa saa saba mchana, asali adhuhuri kabla na alasiri baada ya kutoka. Akiwekwa saa kumi na moja jioni mpaka saa tatu usiku, magharibi itampita akiwa kitandani. Hapo anaweza kuichelewesha aisali pamoja na isha. Kujumuisha sala kwa maradhi si kauli mashuhuri katika madhehebu, lakini wako maimamu wetu walioiruhusu, na Imam Nawawi ameipa nguvu. Kwa Mahanbali ni wazi. Mgonjwa wa aina hii ndiye hasa wa kuichukua ruhusa hiyo. Ila asipunguze rakaa kwa hoja ya safari. Mtu aliyepanga chumba mtaa wa Sikukuu miezi sita si msafiri tena.

Swali la heparini. Ni dawa inayotiwa ili damu isigande ndani ya mashine, na nyingi yake hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Majma ya Fiqhi ya Rabita, Makka, ililizungumza jambo hili mwaka 2003 na ikaruhusu kuitumia pale ambapo hapana mbadala halali unaotosheleza. Mgonjwa asiikatae mashine kwa sababu hiyo.

Kuhusu saumu, Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudia imesema kusafisha damu kunafunguza, kwa kuwa damu inarejeshwa mwilini pamoja na sukari na chumvi. Siku hizo basi hafungi. Siku nyingine ni daktari ndiye wa kusema, na wengi hawataruhusiwa. Asiyetarajiwa kupona anatoa fidia kwa kila siku mudi moja ya chakula, takriban robo tatu ya kilo ya mchele. Je, aliye na ndugu tayari wa kumpa figo na tarehe imeshapangwa? Kwa maoni yangu huyu ni mgonjwa anayetarajiwa kupona, angoje alipe siku zake. Lakini baada ya kupandikizwa atakuwa na dawa za kunywa kwa saa maalumu maisha yote, za kuuzuia mwili usiikatae figo ngeni. Mchana wa saumu kwetu unapita saa kumi na tatu, na baadhi ya dawa hizo ni za kila saa kumi na mbili. Asianze kulipa mpaka daktari wake amesema ndiyo.

Kupandikiza figo

Zamani neno hili lilimaanisha India. Mwezi Novemba 2017 Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, ikisaidiwa na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi, na mwaka uliofuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata kwa msaada wa Wajapani. Figo zinachukuliwa kwa ndugu aliye hai.

Wanazuoni wamekhitalifiana. Sheikh Muhammad Mutawalli Shaarawi wa Misri alikataa, akasema mwili ni milki ya Allah na mtu hawezi kutoa asichokimiliki. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani naye alikataza. Hoja yao si ya kubezwa. Lakini Baraza la Wanazuoni Wakubwa la Saudia mwaka 1982, Majma ya Rabita mwaka 1985, na Majma ya Fiqhi ya Kimataifa ya Jeddah mwaka 1988 wameruhusu kwa masharti, na kauli hiyo ndiyo inayofanyiwa kazi leo katika nchi nyingi za Waislamu. Msingi wao ni maana ya aya ya 32 ya Surat al-Maida juu ya mwenye kuihuisha nafsi moja. Sharti kubwa ni kwamba mtoaji asidhurike dhara litakalovunja maisha yake: dhara haliondolewi kwa dhara la mfano wake. Mwenye figo mbili nzima anaishi kwa moja, ila apimwe kweli kweli, na mwenye presha au dalili za sukari asijitoe kwa huruma.

Sharti la ridhaa ndilo linalovunjwa majumbani mwetu. Kikao cha ukoo kinakaa, wazee wanahesabu nani ana watoto, nani ana kazi, nani ana mume, na mwisho macho yote yanamwangukia binti mdogo ambaye hajaolewa kwa kuwa "hana majukumu". Anainamisha kichwa. Wazee wanasema amekubali. Ndugu zangu, ukimya wa bikira umehesabiwa kuwa idhini yake katika nikahi. Hii si nikahi. Hapa inatakiwa kauli iliyo wazi ya mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye angeweza kusema hapana na bado akala chakula pamoja nanyi jioni ile. Utiifu kwa wazazi haufiki kwenye kupasuliwa ubavu. Mtoto ambaye hajabaleghe hatoi, na walii wake hana haki ya kutoa kwa niaba yake. Mke akitaka kumpa ndugu yake, mume ashirikishwe, kwa kuwa kuna wiki za kuuguza na nyumba itabadilika. Lakini naye mume asiifanye talaka kuwa kizuizi. Daktari akitaka kuzungumza na mtoaji peke yake, mwacheni, wala msikae mlangoni. Na mtoaji ana haki ya kurudi nyuma mpaka dakika ya mwisho, bila kuitwa muuaji. Aliyetoa ana ujira mkubwa mbele ya Allah kwa sababu halikuwa la lazima kwake.

Kuuza figo ni haramu. Wapo wanaoliita jina jingine: kaka anatoa figo, na kabla ya kutia saini anaandikiwa nyumba ya Ng'ambo. Huo ni uuzaji, na pia unawadhulumu warithi wengine. Kumlipia mtoaji nauli, vipimo na mishahara aliyoikosa si bei, ni kuondoa dhara. Zawadi ya baadaye isiyowekewa sharti, Majma ya Jeddah imeiacha mlango wa ijtihadi. Madalali wanaoahidi figo ng'ambo kimbieni. India yenyewe ina sheria tangu 1994 inayofunga biashara hiyo, na mgonjwa ndiye anayebaki na kesi.

Je, ni wajibu kukubali kupandikizwa? Azimio la Majma la 1992 ni kuwa matibabu yanakuwa wajibu pale kuyaacha kunapoangamiza nafsi. Kuiacha mashine kabisa bila badala kunaingia humo. Lakini mwenye kuendelea na mashine akaona hataki kumpasua mwanawe, hana lawama.

Kutafuta msaada

Ijumaa katika misikiti ya Kariakoo utamwona mtu anasimama baada ya sala na bahasha ya vipimo. Wengine ni wakweli, wengine wanazunguka na karatasi ya marehemu. Dini imelitatua hili tangu mwanzo. Katika hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwataja watu watatu wanaohalalikiwa kuomba, mmoja wao ni aliyepatwa na ufukara mpaka watu watatu wenye busara katika jamaa zake wakashuhudia. Watu watatu! Basi familia iandae ushahidi kabla ya kuombwa: barua ya sheha, imamu wa mtaa, na makisio ya gharama ya hospitali yenye muhuri, pamoja na namba ya simu ya mtu atakayepokea na kutoa hesabu. Wala msimpige picha mgonjwa kifua wazi mkaisambaza. Ugonjwa hauondoi haki ya sitara.

Zaka inamhusu. Ufukara hauondoki kwa kuwa na nyumba anayoishi. Na mwenye shamba la mikarafuu ambalo pato lake halimtoshi halazimiki kuliuza ndipo ahesabiwe maskini. Aliyekopa kwa matibabu akashindwa kulipa yumo katika fungu la wenye madeni. Kuna nukta nawaelekezea wafanyabiashara wetu wa Kariakoo. Kwa Mashafi, zaka ya biashara inagawiwa pale mali ilipo, na baadhi yenu mnaona uzito kuipeleka Wete au Mkoani. Mgonjwa wa Pemba aliyelala mitaa miwili nyuma ya duka lako yuko palepale mali ilipo. Mpe yeye mkononi, au akuidhinishe umlipie hospitali, na umwachie cha kununulia dawa, maana wengi huchangia upasuaji kwa kishindo na kuzisahau dawa za mwaka wa pili, na figo inakufa.

Lililobaki ni fedha zinazosalia mgonjwa akifariki, ambalo limegombanisha ndugu mara nyingi. Kilichotolewa kuwa zaka akakipokea ni milki yake: deni lake kwanza, kisha wasia, kisha warithi. Kilichochangwa kwa ajili ya matibabu na bado kiko kwa msimamizi si urithi. Kinarudi kwa waliotoa, au kwa idhini yao kinakwenda kwa mgonjwa mwingine. Kwa kuwa kuwatafuta watu mia tatu waliotuma elfu mbili mbili kwa simu haiwezekani, tangazo la mchango liseme tangu siku ya kwanza kwamba kitakachobaki kitapewa mgonjwa mwingine wa figo.

Wallahu a'lam.