Kigongo Feri: chombo kimeondoka, jina limegoma

Basi la kutoka Mwanza mjini likishaiacha barabara kuu pale Usagara na kushika njia ya Sengerema na Geita, konda huanza kuhesabu wanaoshuka. "Feri kuna mtu?" Mtu yupo. Anashuka na ndoo yake, anavuka barabara, anatokomea kwenye vibanda. Hakuna anayeshangaa kwamba anashukia Feri mahali ambapo magari hayapandi tena feri.

Juni 19, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua daraja linalounganisha Kigongo, wilayani Misungwi, na Busisi, wilayani Sengerema. Lina urefu wa kilomita 3, upana wa mita 28.45, na limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Wakandarasi walikuwa kampuni mbili za Kichina, na jiwe la msingi liliwekwa na hayati Rais John Magufuli Desemba 7, 2019. Foleni iliyoweza kumla mtu saa mbili na zaidi sasa ni dakika chache, kioo cha dirisha kikiwa wazi kwa upepo wa Ghuba ya Mwanza. Hayo yameandikwa mno na sina la kuongeza. Mwaka mmoja baadaye mimi nimevutwa na hilo neno la konda.

Feri ni Kiingereza, kila mtu anajua. Ila kwa wakazi wa mwambao huu wa Ziwa Victoria si kila chombo cha majini ni feri, na ole wako ukichanganya. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ni meli. MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996 ikikaribia Mwanza na kuondoka na mamia ya watu, nayo ilikuwa meli. Lakini MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara Septemba 20, 2018 na kuua zaidi ya watu 200, magazeti yote yaliandika "kivuko". Feri, kwa kipimo cha watu wa hapa, ni ile bapa, yenye mlango unaoshushwa mbele kama ulimi, inayomeza malori, ng'ombe, mama mwenye tenga la dagaa na bibi harusi kwa mkupuo mmoja, ikaenda ng'ambo ukiwa unaiona, kisha ikarudi. Haina vitanda. Haina safari ya usiku kucha. Ndivyo zilivyokuwa MV Misungwi, MV Sengerema na MV Mwanza za hapa Kigongo. (Hiyo MV Mwanza msomaji asiichanganye na meli mpya, MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Hata majina ya vyombo yana mapacha ziwani.)

Serikali yenyewe haipendi kusema feri. Katika barua na mabango ya TEMESA, wakala uliokuwa ukiendesha vyombo hivyo, utakuta "kivuko", na ni neno zuri, letu kabisa, limetoka kwenye kuvuka. Tatizo lake ni kwamba nalo lina kazi nyingi. Kivuko ni mahali pa kuvukia. Kivuko ni chombo kinachovusha. Michoro myeupe ya waenda kwa miguu barabarani, nayo ni kivuko. Ukimwambia mtu "tukutane kivukoni", hujui atakusubiri majini au kwenye lami.

Kuna na jina la tatu, pantoni, ambalo wakubwa wengi bado wanalitumia, Kigamboni na huku Kanda ya Ziwa. Hilo nalo Kiingereza, ambacho kililitoa Ufaransa, na Ufaransa ikalirithi kutoka Kilatini, ambako shina lake ni neno la daraja. Kwa hiyo aliyekuwa akisimama Kigongo akisubiri pantoni, kwa mzizi wa neno, alikuwa tayari anasubiri daraja.

Waingereza wamezoea neno moja kubeba mizigo mingi. Mtunzi mmoja wa kamusi kubwa ya Oxford, Peter Gilliver, alikaa miezi tisa akishughulika na kitenzi kimoja tu, "run", tulichofundishwa darasani kuwa ni kukimbia, akatoka na maana 645. Sisi tusicheke. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga kura, tunapiga mswaki, na hatujampiga mtu. Mbele ya hayo "ferry" ni neno dogo, ila ukoo wake una mambo. Linatoka kwenye Kiingereza cha kale, kwenye kitenzi cha kubeba na kusafirisha, na ni ndugu wa "fare". Hili la pili lilianza kwa maana ya safari, likawa malipo ya safari, likawa abiria wa teksi mwenyewe, na kwa njia nyingine likawa chakula kinachoandaliwa mezani. Hata kwaheri yao, "farewell", ni mtoto wa hapohapo: safiri salama. Wajerumani walioweka boma Mwanza mwaka 1892 nao wana jamaa ya neno hilo katika lugha yao, kwa kivuko na kwa kusafiri. Sisi nauli tuliichukua kwa Waarabu, nao inasemwa waliipata kwa Wayunani, waliokuwa wakilipa ili kupanda jahazi. Kwa hiyo nauli nayo ilianzia majini kabla ya kupanda daladala.

Nimeitaja nauli kwa sababu ugomvi mkubwa kuliko wote juu ya feri katika nchi hii ulikuwa wa nauli, na uliwashwa na mtu ambaye jina lake sasa limebandikwa hapa Kigongo.

Inabidi twende Dar es Salaam kidogo. Huko Feri ni ulimwengu mzima. Ni chombo cha kwenda Kigamboni, sawa, lakini ukimwambia mama lishe wa Kariakoo "nimetoka Feri", atakuuliza bei ya pweza, kwa sababu kwake Feri ni soko la samaki la Magogoni, lile lililojengwa kwa msaada wa Japani. Feri ni kituo cha mwisho cha mabasi. Jina la kata, lililo kwenye karatasi, ni Kivukoni. Ng'ambo ya maji kulikuwa na Chuo cha Kivukoni kilichofunguliwa mwaka 1961 kuwanoa makada, ambacho leo kinaitwa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mabasi ya mwendokasi yameandikwa Kivukoni, abiria aliyekaa kiti cha mbele anamwambia mwenzake kwenye simu, "Naelekea Feri."

Sasa, Januari 1, 2012 nauli ya mtu mzima kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni ilipanda kutoka Sh100 kufika Sh200. Vyombo vya magurudumu navyo vilipanda. Sh100 haionekani kitu kwa mwenye gari, lakini kwa mtu anayevuka asubuhi kwenda kibaruani na kurudi jioni, siku sita za wiki, ni hesabu ya unga. Wabunge wa Dar es Salaam wakaja juu, wa kwanza akiwa Dk. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, wa chama kilekile kilicho madarakani. Waziri wa Ujenzi wakati huo alikuwa John Pombe Magufuli, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Aliwaambia wasioweza kulipa Sh200 wapige mbizi.

Mji ulichemka. Vijiweni watu walisahau Sh200 wakabaki na mbizi. Wapo waliosema waziri amewatukana wananchi. Wapo waliosema ndiye waziri wa kweli, anasema analotaka kusema. Na walikuwapo, kama kawaida ya Waswahili, waliokaa pembeni kuchambua lugha. Mtu wa pwani atakwambia kupiga mbizi si kuogelea. Anayeogelea yuko juu ya maji na kichwa unakiona. Anayepiga mbizi amezama, na hujui ataibukia wapi, kama ataibuka. Basi waziri aliwaambia watu waogelee hadi Kigamboni, au aliwaambia wazame? Mtu wa bara, aliyekulia ziwani, hana tofauti kali hivyo kinywani mwake. Mbizi kwake ni kujitosa majini tu. Binafsi naamini waziri alisema Kiswahili cha ziwani na pwani ikasikia Kiswahili cha pwani. Hilo halimwondolei ukali, ila linaeleza kwa nini kidonda kilikuwa kikubwa kuliko kisu. Mwenye kukataa kulipa na kukataa kulowa alibaki na njia moja, kuzunguka kwa Kongowe, ambako nauli ya gari ingemla zaidi ya hiyo Sh200.

Nauli haikushuka. Mwaka huohuo wa 2012 ujenzi wa daraja la Kigamboni ulianza, na aliyelifungua Aprili 19, 2016 ni Magufuli huyohuyo, sasa akiwa Rais. Likaitwa Daraja la Nyerere, mita 680. Lakini feri ya Magogoni haikufa, kwa sababu daraja liko mbali na njia ya miguu ya watu wa mjini. Magufuli alifariki Machi 17, 2021. Ndugulile naye alifariki Novemba 2024, miezi michache baada ya kuchaguliwa kuongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika.

Ninayasimulia haya Kigongo kwa sababu Magufuli hakuwa mgeni wa maji haya. Mtoto wa Chato alikuja Mwanza kusoma Lake Sekondari miaka ya 1977 na 1978, akafundisha Sengerema Sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha akawa mkemia wa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mtu wa kwao akitaka kufika Mwanza kwa barabara hii alikuwa hana budi kuhesabu maji ya Busisi. Aliyewaambia wa Kigamboni wapige mbizi alikuwa ameijua adha ya foleni ya feri tangu ujana.

Basi rasmi daraja linaitwa la J.P. Magufuli, na heshima hiyo simnyimi. Manung'uniko yangu ni madogo, ya mtu wa maneno. "Daraja la Magufuli" tayari lipo jingine, la mto Kilombero, karibu na Ifakara, alilolifungua mwenyewe Mei 2018. Dereva wa lori anayepiga simu kusema amekwama Daraja la Magufuli itabidi aulizwe ni lipi, na atajibu Kigongo-Busisi, kama kila mtu hapa anavyojibu. Jina la mtu limekuja na maana mbili. Jina la mahali lilikuwa na moja. Kule Kilombero pia kulikuwa na kivuko, na upande wa Ulanga kuna kijiji kinaitwa Kivukoni.

Wenzetu wamelitatua hili kwa namna inayonifurahisha. Uskochi kuna mji unaitwa Queensferry, feri ya malkia, kwa ajili ya Malkia Margaret wa karne ya 11 ambaye mahujaji walivushwa kwa hisani yake. Mwaka 1964 daraja la barabara lilifunguliwa na feri ikakoma mwaka huohuo. Mji haukubadili jina. Daraja jipya lililofunguliwa mwaka 2017 wakalipa jina la feri: Queensferry Crossing. Na kwa jirani zetu wa Kilifi, Kenya, daraja lilimaliza kazi ya feri mwaka 1991, na hadi leo bodaboda anakupeleka Old Ferry bila kukuuliza ni wapi.

Hapa Kigongo nilitafuta kibao cha kueleza kwamba kwa miaka mingi palivukwa kwa chombo, sikukiona. Kibao kimoja cha bati na rangi hakiwezi kuishinda bajeti iliyojenga kilomita 3 za zege. Wauza sato wa kukaanga, mayai na karanga, ambao foleni ndiyo iliyokuwa soko lao, wamesogea kufuata barabara, na baadhi wamehama. Gari halisimami tena, mteja hashuki kunyoosha miguu. Ni habari ya kuandikwa peke yake, na mwenye takwimu ajitokeze.

Mtoto aliyezaliwa vibandani pale mwaka jana atakua akijua Feri ni kwao, kama wengine kwao ni Nyegezi au Buhongwa. Siku atakapokwenda Dar es Salaam, akapanda basi, akasikia konda akiita "Feri, mwisho wa gari", atashuka akitazama nyumba na watu, ndipo atakaposhangaa kuona kumbe na chombo kipo.